Matairi ya Ukaguzi

4 Machi

Kwako Baba Chiriku,

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umemshika mdogo wake Chiriku, meno yanamtoka na hataki kuwekwa chini. Ukiona mwandiko unayumba kama mlevi, ujue ni yeye anaupiga teke. Barua nampa yule dereva wa lori la mafuta, maana ninyi wachonga barabara mmekwenda kujificha mahali ambapo hata simu imekata tamaa.

Tuko wazima. Habari kubwa ya nyumba hii unaijua hata kabla sijaandika: gari limepita ukaguzi. Baba yako aliliosha tangu alfajiri, akalifuta masikio, kama lina masikio. Gari limenizidi umri, lakini lilikwenda kituoni na kurudi na stika. Akaibandika kwenye kioo, akamsubiri jirani yetu mwalimu apite. Unakumbuka gari la mwalimu ni la juzijuzi tu, tena lilikataliwa kwa sababu ya taa moja.

"Mwalimu, umeona?" Baba akamwambia. "Chuma cha zamani hakina maneno mengi."

Mwalimu akacheka, mimi nikacheka, mtaa mzima ukacheka. Sasa nisikilize.

Asubuhi ya ukaguzi, Baba akiwa anakunywa chai, Chiriku alichukua rangi yangu ya kucha akachora duara jekundu kwenye tairi la nyuma. Nikamfokea, nikajaribu kuifuta, ikagoma. Gari likaenda hivyohivyo. Leo asubuhi babu yake amewasha ampeleke shule, mtoto akazunguka nyuma kuangalia duara lake. Kilio kilichotoka pale, nikajua ameumia.

"Mama, tairi langu wamelichukua!"

Nikainama. Duara hamna. Meno ya tairi pia hamna. Tairi limekuwa laini kama kisigino cha mtoto, na upande wa ndani nyuzi zimeanza kuchungulia. Nikazunguka yote manne. Vipara vitupu. Nikakimbilia ndani nikijua tumeibiwa.

Baba yako akacheka mpaka akakohoa. "Hakuna mwizi, mkwe wangu. Yamepumzika." Akanipeleka stoo. Yako pale manne, na ringi zake, yameoshwa kwa sabuni, yamefungwa kwenye shuka langu la maua. Lile shuka nililolitafuta tangu nijifungue, mpaka nikanuniana na dada yako kwa ajili yake.

Nikamwambia, "Baba, lakini haya ndiyo mazuri."

"Ndiyo maana yako humu."

"Na yale ya kwenye gari?"

"Yale ya kazi."

Akaniona nimeduwaa. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Vile vikombe vya kabatini, mama, wewe unavinywea chai kila siku?" Sivinywei, ni kweli. Lakini kikombe hakimpeleki mwanangu shule kwenye mteremko wa daraja.

Baba Chiriku, mimi ni mkwe, neno langu kwa mzee lina mpaka wake. Wewe ni mtoto wake. Mwandikie. Mwambie matairi ni ya kutembelea.

Viatu vyako vipya bado viko kwenye boksi, kama ulivyoagiza. Jana nimevipiga brashi. Harufu ya dukani bado imo.

Mimi mkeo,
Mama Chiriku


11 Machi

Mama Chiriku wangu,

Nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimeandikiwa na mchekeshaji. Eti wameibiwa! Na shuka pole sana, nitakununulia lingine lenye maua makubwa zaidi.

Mke wangu, hayo matairi nayajua. Ni mimi niliyeyanunua, likizo yangu ya kwanza kabisa, kabla hatujaoana. Nilimpelekea mzee nikidhani atayafunga siku ileile. Alikaa akayatazama, machozi yakamlengalenga, akasema, "Haya si ya kuchezea." Tangu hapo anayatoa siku ya ukaguzi tu. Rafiki yake Fundi Saa naye akiwa na ukaguzi anakuja kuazima. Na yule mzee mwenye duka la vioo pia. Mkaguzi pale kituoni huwa anasema magari ya wazee wa mtaa wetu hayajawahi kumsumbua, tofauti na ya vijana. Kumbe kila mara anakagua matairi yangu! Niambie kama hilo si la kuchekesha.

Usiogope. Baba ameendesha wakubwa wa ofisi maisha yake yote, na kwenye mvua, na kwenye tope, hajawahi kumkwaruza hata kuku. Gari linaendeshwa na dereva, tairi linafuata. Hapa kambini nina tipa ambalo ukiliona utalia, na linapita ukaguzi mkaguzi akiwa amekaa kivulini na chai yake.

Nikimwandikia mzee mambo haya ataona tunamfundisha kazi. Tangu Mama afariki, gari hilo ndilo limebaki kumpa sababu ya kuvaa shati safi asubuhi. Mwache afurahi nalo. Mwezi wa nne nakuja likizo, tutayaongea kwa utaratibu.

Viatu usivitoe. Nataka nivivae siku nikifika, tukitembea mimi na wewe, watu wajue nimerudi.

Mume wako


20 Machi

Baba Chiriku,

Leo sina utani.

Binti yako tulimpa jina Chiriku kwa sababu hanyamazi. Analala anaongea, anakula anaongea. Wiki iliyopita alirudi shule kimya. Nikamuuliza habari za shule, akasema nzuri. Nikamuuliza amekaa na nani, akasema watu. Nikamshika paji la uso, hana homa. Akafungua mdomo kula, nikaona pengo mbele, nikamuuliza limekuwaje.

Baba akadakia kabla mtoto hajajibu. "Jino la utoto hilo, limetoka lenyewe."

Mimi ndiye ninayempigisha mswaki. Jino lile halikuwa limelegea.

Kesho yake pia kimya. Siku ya tatu nikimuogesha ndipo alipopasuka. Mvua ilikuwa inanyesha, gari likashuka mteremko wa daraja, babu akakanyaga breki, gari halikusimama, likaenda kama linateleza kwenye mlenda, anavyosema mwenyewe. Likageuka likatazama lilikotoka. Akajigonga mdomo kwenye dashibodi. Babu akampangusa damu kwa leso yake, akamnunulia peremende, akamwambia, "Hii ni siri yetu mimi na wewe, mama yako ana mawazo mengi."

Na mtoto ameitunza. Ameitunza mpaka imemshinda. Unajua kilichoniuma zaidi ni nini? Siyo jino, jino litaota. Ameniuliza, "Mama, sasa babu atanichukia?"

Nimeongea na Baba. Kwa heshima zote nimeongea naye, nikiwa nimekaa chini, nikiwa sijapandisha sauti. Nikamwambia nayaomba yale matairi ya stoo. Akasema mwakani mkaguzi akiyakuta yamechakaa gari litakataliwa, na gari lake halijawahi kukataliwa tangu siku lilipoingia barabarani. Nikamwambia, "Baba, stika iko juu kwenye kioo, kinachoteleza ni tairi huku chini." Akanyanyuka akaenda kuzima redio ambayo haikuwa inaongea.

Tangu siku hiyo Chiriku anatembea. Naenda naye asubuhi mdogo wake akiwa mgongoni, narudi, naenda tena mchana. Miguu inawaka moto, nguo hazifuliki, lakini nalala. Baba anatupita na gari lake tupu, anapiga honi kidogo, halafu anasubiri. Tunampungia mkono, tunaendelea kutembea. Moyo unaniuma, usifikiri hauniumi. Anaonekana mdogo sana nyuma ya ule usukani.

Mwandikie. Nakuomba mara ya pili, na mimi si mtu wa kuomba mara ya tatu.

Mama Chiriku


25 Machi

Mke wangu,

Barua imenishtua. Mbusu Chiriku kwenye pengo lake.

Lakini subiri nije. Mambo ya mzee hayaandikwi, yanasemwa uso kwa uso. Na hivyo mnavyotembea naye anawapita, majirani wanasemaje? Wataona mkwe amemsusia baba mkwe gari. Subiri. Usifanye lolote. Nakuja.

Mume wako


31 Machi

Kwa mwanangu,

Salamu. Mimi baba yako sijambo, ila nimeaibishwa nyumbani kwangu.

Jumamosi nilikwenda kwa Fundi Saa kucheza drafti. Kumbe mke wako alikuwa anangoja nitoke. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoa jeki yangu na spana yangu, akafungua nati zote, akatoa matairi ya kazi akafunga ya stoo. Mwalimu alikuwa dirishani anamtazama kama yuko sinema, wala hakuja kumzuia. Anasema nati zilikuwa zinagoma, mke wako anazipandia kwa mguu mtoto anarukaruka mgongoni. Alipomaliza, aliyabiringisha yale ya zamani moja moja mpaka kwa yule fundi wa ndala za matairi kule sokoni. Akasimama pale mpaka yakakatwa yote mbele ya macho yake. Amenirudishia ringi nne tupu. Amezipanga vizuri mlangoni kwangu kama sahani.

Nilipomuuliza, hakuniinulia sauti. Alipiga goti akasema, "Baba, nisamehe kwa kukuudhi. Kwa kukata siombi msamaha." Haya ni maneno gani, mwanangu? Umeniolea mtu wa namna gani?

Jana nimepita sokoni, nimemkuta kijana mmoja amevaa tairi langu la nyuma miguuni.

Tangu siku hiyo gari sijaliwasha. Nitaliwasha vipi, niyachakaze? Limekaa uani, nimeliwekea turubai. Watu wananiuliza kama nimeuza. Yale matairi umeninunulia wewe kwa jasho lako, na leo yanakanyaga matope kama mtumwa. Uliangalie jambo hili kama mwanamume.

Ni mimi baba yako


3 Aprili

Mama Chiriku,

Nilikuandikia neno moja: subiri. Neno moja tu.

Ninyi wawili mnanivuta huku na huku kama kamba, na mimi niko huku juani. Mzee ameniandikia barua ambayo sikuwahi kufikiri ataniandikia. Ungevumilia hizo siku chache ungepungukiwa nini? Gari limepita ukaguzi kila mwaka, ajali hakuna, aliyeumia ni jino la utoto. Wewe umekwenda kumkatia mzee mali yake hadharani, sokoni, kila mtu anatazama.

Mwombe radhi, siyo ile ya nusu uliyoitoa. Kama huwezi, nenda kwa mama yako upumzike, mpaka nitakapofika niwapatanishe. Nafika Jumamosi ya tarehe kumi na mbili.

Mume wako


5 Aprili

Baba Chiriku,

Niko kwa mama yangu na watoto wote wawili. Safari ilikuwa nusu siku, mdogo ametapika njiani, sasa ana joto kidogo.

Umesema aliyeumia ni jino la utoto. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi, nikidhani labda nimekosea mistari.

Nimeondoka, lakini matairi mazuri yako kwenye gari, na yale mabovu hayapo tena duniani isipokuwa kwenye miguu ya watu. Hilo limenitosha. Ukifika, usinifuate kwanza. Kaa na baba yako. Pandeni gari, mshuke ule mteremko taratibu, uone linavyosimama. Halafu uje tuongee.

Boksi la viatu liko juu ya kabati la nguo, upande wako.

Mama Chiriku


8 Aprili

Kwa mkwe wangu, Mama Chiriku,

Usishangae kupata barua yangu. Nyumba imekuwa na kelele za saa ya ukutani tu. Nilikuwa nalalamika kwamba Chiriku ananipigia kelele nikisikiliza taarifa ya habari, sasa taarifa ya habari naisikia yote na sielewi hata moja.

Nimekasirika na wewe, na bado sijamaliza kukasirika. Lakini mimi ni dereva, na dereva hasemi uongo kuhusu gari. Jumapili niliondoa turubai nikaenda nalo mpaka darajani na kurudi, mvua ikinyesha. Limetulia. Nimekanyaga breki pale pale alipoumia mtoto, likasimama kama limeambiwa. Nilikaa pale kidogo kabla sijaendelea. Sitasema zaidi ya hapo.

Mumeo anafika Jumamosi kwa basi la alasiri. Nitakwenda kumpokea stendi mwenyewe, kama nilivyokuwa nawapokea wakubwa, shati jeupe. Nikimleta nyumbani nitamwambia akufuate, mrudi wote. Mwambie Chiriku babu hajamchukia mtu.

Mambo mengine ya hapa ni ya kawaida. Mvua zimekazana. Fundi Saa ana ukaguzi siku hiyohiyo ya Jumamosi, na wewe unajua alivyo, hana kitu cha kufunga. Nimemwambia aje asubuhi achukue haya matairi, mimi nitafunga yake kwa siku hiyo moja, jioni tunabadilishana. Hawezi kukosa stika wakati mimi nipo. Rafiki ni rafiki.

Msalimie mama yako.

Baba


11 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yako imenifika leo Ijumaa mchana. Naandika nimesimama hapa stendi, kondakta anapiga makofi kwamba wanaondoka. Nimemsihi aifikishe mkononi mwako leo hii hii.

Baba, usimpe. Nakuomba kama ninavyomuomba baba aliyenizaa. Usimpe Fundi Saa matairi kesho. Mwambie mkwe wako ni mtu mbaya amekataza, nisemwe mimi, nichukiwe mimi. Au kama umeshampa, usiwashe gari. Mume wangu atembee kutoka stendi, ni kijana, ana miguu. Au apande gari la watu.

Nimekupigia simu tangu nilipoisoma. Najua imezimwa, iko kabatini imefungwa kwenye kitambaa chake isichakae. Mwalimu nimempigia, yuko msibani mbali. Ningekuja mwenyewe kwa basi hili hili, lakini mdogo homa imepanda, tumetoka naye zahanati sasa hivi, wamesema asitolewe.

Ulisema limesimama kama limeambiwa. Baba, ni matairi ndiyo yaliyoambiwa.

Mkweo,
Mama Chiriku


14 Aprili

Kwa Mama Chiriku,

Barua yako nimeikuta imechomekwa chini ya mlango, Jumapili, nilipotoka hospitali kuja kuchukua blanketi. Kondakta alifika Jumamosi mchana. Basi liliharibika likalala njiani. Nilikuwa nimeshaondoka.

Mumeo yu hai. Nimeanza na hilo, ingawa nimeliandika la pili. Nisamehe.

Alishuka kwenye basi akanikumbatia mbele ya watu. Tulicheka njia nzima. Kwenye mteremko mvua ilikuwa nyingi, pikipiki ikakatiza, nikakanyaga. Halikusimama. Nilifanya yote ninayoyajua. Nililegeza, nikakanyaga, nikarudisha usukani, kazi ya maisha yangu yote nikaifanya pale kwa mara moja, na gari halikunisikia. Lilikwenda kwa ubavu likapiga ukuta wa daraja. Ubavu wa kushoto, aliokaa yeye. Mimi nimechubuka kiwiko.

Wamemkata mguu wa kushoto chini ya goti. Daktari anasema walijaribu.

Nimeendesha wakubwa sijawahi kumkwaruza mtu. Nimekuja kumkwaruza nani.

Fundi Saa alikuja mbio hospitali alipopata habari, kwa gari lake. Nilimwona anaegesha pale getini. Stika mpya ilikuwa inang'aa kwenye kioo. Limepita. Alikuwa hajui aseme nini, basi akasema hilo, "Limepita," halafu akajiziba mdomo.

Matairi ameyarudisha. Ameyaosha kwa sabuni, ameyafuta. Yako uani, manne, na gari la kuyavaa halipo. Duara la Chiriku bado lipo kwenye moja.

Sikuombi kitu.

Baba


22 Aprili
Hospitali, wodi ya wanaume

Mama Chiriku,

Wamenipa kalamu na ubao wa kuandikia. Asante kwa kuja na kwa kulala kwenye lile benchi, na kwa kurudi kwa mtoto bila kuniaga wakati nimelala. Ulipokuwa hapa sikuweza kusema.

Kuna kitu lazima ukijue, na afadhali ukijue kwangu. Pale stendi nilizunguka nyuma kuweka begi kwenye buti. Nikainama. Mke wangu, mimi ni dereva, macho yangu huenda kwenye tairi yenyewe. Niliona. Niliona vipara, tena vibaya kuliko vile vya mwanzo. Nikajua Fundi Saa ana ukaguzi leo. Yote niliyajua pale nimeinama.

Nikainuka, mzee amenishikia mlango, ameshika kofia mkononi kama mimi ndiye mkubwa wa ofisi. Shati jeupe. Nikajiambia, ni mwendo mfupi, nisimwaibishe siku ya kwanza. Nitasema nyumbani. Nikapanda.

Kwa hiyo usimwache Baba aubebe mzigo huu peke yake. Anakuja kila siku anakaa pale dirishani. Nesi anadhani ni bubu.

Sijui nitafanya kazi gani sasa. Tipa lina pedali tatu.

Uliniambia mara mbili. Hukuniambia ya tatu, ulifanya. Na mimi nikakufukuza.

Mume wako, kama bado


27 Aprili

Baba Chiriku,

Nimerudi nyumbani kwetu juzi na watoto. Baba alitufungulia mlango. Chiriku hakungoja kuambiwa, alimrukia shingoni, akaanza kumsimulia habari za bibi yake na mbuzi wa jirani na jino jipya linaloota, hapumui. Baba akakaa chini palepale kizingitini akamsikiliza mpaka mwisho. Mimi nikapita na mizigo kwa pembeni.

Nimetoa vile vikombe vya kabatini. Tumenywea chai jana na leo. Kimoja Chiriku amekivunja mkono. Baba alishtuka akanitazama, mimi nikachukua ufagio, basi.

Matairi nimempa mwalimu ayafunge kwenye gari lake, yanalitosha. Nilisimama pale nikaangalia anavyoyafunga. Mzee wa duka la vioo alikuwa amekuja asubuhi kuulizia, ukaguzi wake ni mwezi ujao. Baba alikuwa mlangoni. Nilimsikia anamwambia, "Hakuna tena hapa." Mzee mwenzake akaguna, akauliza sasa magari yetu yatapitaje. Baba akamjibu, "Yasipite." Akafunga mlango.

Sasa wewe. Umeuliza kama bado. Bado. Lakini sitakudanganya: hasira ninayo, na haijaanza hata kupungua. Ulinifukuza kwa sababu ya aibu ya mzee, na ukapanda lile gari kwa sababu ya aibu ya mzee, na watoto wangu wangekuwa yatima kwa aibu hiyohiyo, kila mtu ameshika kofia. Nitakuuguza nikiwa na hasira yangu. Nitakufunga bandeji nikiwa nayo, nitakupikia nikiwa nayo. Ikiisha nitakwambia. Usiniulize kila siku kama imeisha.

Jumatano nakuja kukuchukua. Mwalimu anatuleta na gari lake. Amenionyesha stika, nikamwambia mwalimu, naomba tuangalie chini kwanza.

Leo nimepanda kwenye kiti nikashusha boksi la viatu. Vimekaa vizuri, karatasi yake laini, kamba hazijawahi kupitishwa. Nimekaa kitandani navyo mapajani sijui kwa muda gani. Mdogo wake Chiriku akaamka akakichukua cha kushoto akaanza kukitafuna ncha. Nilitaka kumnyang'anya, mkono ukakataa. Nikamwacha. Ni cha kwake sasa, achezee, akiburute uani mpaka kiishe.

Cha kulia nimekipaka dawa ya viatu, nimekipitisha kamba. Nakuja nacho Jumatano. Utakivaa palepale wodini, utatoka nacho nje, utakanyaga nacho hilo tope la getini na lolote litakalokuwepo. Na sitaki nisikie neno la kukitunza.

Mkeo,
Mama Chiriku